Chupa Iliyonuswa: Maneno ya Kumuaga Profesa Jescah Navalayo

Mheshimiwa Naibu Chansela, Profesa Philip Lusweti. Wajumbe wa Baraza la Chuo Kikuu cha Isiukhu mlioketi chini ya hema lenye mapazia. Wakuu wa vitivo na idara. Baba Askofu, na wewe Sheikh wetu uliyetoka Mumias asubuhi hii. Wahadhiri, wanafunzi na wazazi mlio chini ya hema lisilo na mapazia. Jamaa za Profesa mliofika kutoka Ekero. Na wewe mwenyewe, Profesa Jescah Navalayo, ambaye siku hii ni yako na ambaye itifaki inanilazimu nikutaje mwisho: hamjambo nyote, na amani iwe kwenu.

Ninaitwa Cornelius Khaemba. Wazee wenzangu wananijua. Vijana mtaniwia radhi. Niliwahi kuwa mkuu wa Idara ya Kemia hapa, enzi idara ilipokuwa vyumba viwili na bomba moja lililotoa maji likipenda. Ndimi niliyemwajiri Profesa Jescah. Siku hizi naishi Shieywe, nafuga kuku, na nasoma gazeti nikiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Binti wa ofisi ya itifaki, Michelle, alinipigia simu wiki iliyopita akaniomba kwa adabu nyingi nije na maneno ya kusifu tu. Nilimwahidi, nami nitatimiza. Nitamsifu kila anayestahili, kila mtu kwa kadiri ya matendo yake.

Lakini kwanza niieleze kazi yenyewe. Nimehudhuria sherehe nyingi za kumuaga mtaalamu ambapo kila msemaji alisifu utaalamu, na hakuna aliyesema ni utaalamu wa nini. Hata ratiba mliyogawiwa leo inasema kwamba Profesa Jescah "amebobea katika masuala ya sayansi". Hiyo ni sawa na kumsifu mpishi kwamba amebobea katika masuala ya moto. Mtu ametoa umri wake wote, na chuo alichokitumikia hakikuweza kumtuma karani avuke ua, abishe mlango na kuuliza, "Profesa, hasa huwa unafanya nini humu?"

Basi sikilizeni, si jambo gumu. Katika kemia kuna vitu viwili ambavyo vingeweza kuungana lakini haviungani. Vinatazamana tu, kama vijana wawili kanisani. Kichocheo ndiye mshenga wao. Huingia katikati, humshika huyu mkono, humshika na yule, huwaunganisha, kisha hujitoa akiwa mzima na kwenda kutafuta wengine. Mshenga mmoja hodari ataozesha maelfu bila kuchoka. Dawa nyingi mnazomeza, na plastiki za ndoo mnazotekea maji, zimepita mikononi mwa washenga wa namna hiyo.

Sasa, washenga wa Profesa Jescah ni wa ukoo wa pekee. Ndani yao metali imeshikana moja kwa moja na kaboni. Metali asili yake ni mawe. Kaboni ndiyo uti wa kila kilicho hai au kilichowahi kuwa hai. Kuvishikanisha viwili hivi ni kazi, na vikishashikana huwa vikali sana kazini na dhaifu sana mbele ya hewa. Hewa hii tunayoivuta hapa, tamu baada ya mvua ya jana, ikigusa kichocheo cha aina hiyo, kinakufa. Ndiyo sababu Profesa hufanya kazi ndani ya sanduku kubwa la kioo lililojazwa naitrojeni, gesi tulivu isiyogombana na mtu. Kwenye ukuta wa sanduku imefungwa mikono miwili mirefu ya mpira. Unaingiza mikono yako humo, unafanya kazi ndani, na hewa ya nje inabaki nje.

Shangazi yake, Mama Selpher, ambaye namwona pale mbele, alipomtembelea mara ya kwanza alisimama mlangoni akatazama, kisha akauliza, "Kwani Jescah, wewe hufanyanga kazi gani, kutwa mzima umeingiza mikono kwa sanduku kama mtu anazalisha ng'ombe?" Profesa alimjibu kwamba ni hivyo hivyo, shangazi, ila ndama huyu akitoka nje anakufa. Mama Selpher aliondoka ameelewa. Katika miaka yote niliyokitazama chuo hiki, sijamsikia mgeni wa heshima akiuliza swali la maana kuliko hilo.

Na swali la Profesa mwenyewe lilikuwa lipi? Lilikuwa swali la mtoto wa Ekero. Alikulia kwenye harufu ya molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Molasi hutoa spiriti. Hilo hata wasiosoma wanalijua, na wengine wanalijua kupita kiasi. Yeye aliuliza: je, spiriti hii haiwezi kuunganishwa ikawa kitu kikubwa zaidi, malighafi ya rangi, ya gundi, ya mafuta ya mashine, badala ya kuagiza vitu hivyo kwa meli? Wenzake wa ng'ambo walikuwa wakifanya jambo kama hilo kwa metali ghali zinazotoka katika nchi mbili au tatu duniani. Yeye alitaka mshenga wa chuma. Chuma hiki cha jembe na cha msumari.

Nani alimwunga mkono? Ninawasifu wale waliomcheka, kwa sababu angalau walikuwa wamesikia alichosema. Katika chumba cha walimu waliiita kazi yake "chang'aa ya digrii". Kamati moja, nikiwa nimeketi humo humo, ilitaka kujua kwa nini Idara ya Kemia inanunua molasi kwa pipa, na mjumbe mmoja mwenye shahada kubwa akauliza kama kuna mpango wa kuonjesha. Wakacheka hadi chai ikamwagika. Profesa alisubiri wamalize, akaeleza tena tangu mwanzo, kwa sauti ile ile. Huo ndio uvumilivu wa mtu aliyezoea kufanya kazi na vitu vinavyokufa ukivikimbiza.

Alihangaika na chuma kile miaka mingi. Kilikuwa kinakufa kabla ya kufanya kazi, au kinafanya kazi kidogo kisha kinalala. Hatimaye akapata kilichokaa: kimiminika cha rangi ya chungwa, kizuri kutazama, kilichokamata spiriti ya Ekero na kuiunganisha, kikaendelea kuiunganisha. Kila tone lilitengenezwa ndani ya sanduku, hatua baada ya hatua, na kosa moja katika hatua yoyote lilimrudisha mwanzo. Alipopata cha kutosha majaribio ya mwaka mzima, alikuja kwangu Shieywe na embe mbili, akakaa, akasema tu, "Mwalimu, kimekubali." Akala embe yake akaenda zake.

Ndipo chuo kikasikia. Na chuo hiki, mabibi na mabwana, kikisikia jambo, hakiulizi, kinazindua. Tumezindua hapa visima ambavyo havijachimbwa. Tumezindua mpango mkakati, na kabla haujachapishwa tukazindua mapitio yake. Kwa hiyo ikaundwa Kamati ya Uzinduzi wa Kichocheo, na mwenyekiti wake alikuwa Profesa Philip Lusweti, ambaye siku zile bado alikuwa akipanda ngazi. Ninamsifu kwa bidii. Kamati yake ilikaa mara nyingi kuliko kikao chochote cha Idara ya Kemia, na hakuna kikao ambacho mwanakemia alialikwa.

Kamati iliamua kwamba kichocheo kiwekwe chote katika chupa moja kubwa, ili kionekane vizuri kwenye kamera. Profesa Jescah alieleza kwamba hekima ni kukigawa katika vichupa vingi na kukiacha ndani ya sanduku. Akajibiwa kwamba vichupa havina mvuto. Akaeleza kwamba chupa, iwe kubwa au ndogo, isifunguliwe. Akajibiwa kwamba hilo linaeleweka. Akakifunga kizibo kwa waya, akaukaza, akaenda kuketi mstari wa nyuma, kwa sababu mistari ya mbele ilikuwa na majina ya watu.

Mgeni rasmi wa siku ile sitamtaja. Si mtu mbaya. Ni mtu wa miwa, kama wengi wetu. Nanyi mnajua desturi ya watu wa miwa: hakuna anayenunua molasi kwa macho. Unafungua pipa, unainama, unavuta pumzi, na pua ndiyo inayokuambia kama imeiva, imechacha, au imetiwa maji. Baba yangu aliifanya, baba yake Profesa aliifanya. Ni desturi ya akili kabisa, kwa molasi. Basi mgeni wetu alisifiwa, akasimama, akaipokea ile chupa kwa mikono miwili. Kamati ilikuwa imemweleza mahali pa kusimama, upande wa kutazama, na lini atabasamu. Hakuna aliyekuwa amemwambia anachokishika ni nini. Akaambiwa kwa kipaza sauti kwamba hiki, Mheshimiwa, kimetoka kwenye molasi yetu. Mtu wa miwa akiambiwa hivyo, atafanya nini? Alifungua ule waya kwa vidole vyake vyenye nguvu, akang'oa kizibo, akainama, akanusa.

Akasema, "Imeiva."

Mimi nilikuwa pale. Niliiona ile rangi ya chungwa ikianza kuchafuka kutoka juu, ikashuka, ikawa hudhurungi, ikawa tope, kama mto Isiukhu baada ya mvua ya mawe. Na mkutano wote ukashangilia. Walidhani ndiyo maajabu waliyoitiwa. Makofi yalipigwa, vigelegele vikapigwa, bendi ikaingilia, na mwenyekiti wa kamati akamwomba mgeni ainue chupa juu zaidi ili walio nyuma waone mabadiliko. Tukaenda kula ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu.

Profesa Jescah aliinuka kutoka mstari wa nyuma, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpongeza, akamfikia mwenyekiti, akamwambia kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekuwa karibu niliisikia: "Makofi haya ni ya matanga, Profesa. Mnashangilia maiti."

Mwenyekiti alimwambia asiharibu siku. Na kwa kweli haikuharibika. Taarifa iliyotoka kesho yake ilisema kwamba kichocheo kilibadilika rangi mbele ya umati, na kuthibitisha uwezo wake. Mwaka uliofuata mwenyekiti alipanda cheo. Nampongeza. Wapo watu ambao huwezi kuwaharibia siku hata ukiwaonyesha maiti.

Mtaniuliza, je, hukusema neno, mzee? Nilisema, niliandika, nilijibiwa kwamba mchango wangu umepokelewa. Lakini leo simzungumzii Khaemba. Tumzungumzie Profesa, ambaye hakuandika wala hakulalamika. Aliingiza mikono yake tena kwenye ile mipira akaanza upya. Sanduku likapata mwanafunzi mpya, binti Chelimo, ambaye ndiye yule aliyevaa sweta ya kijani na ambaye sasa anatamani ardhi immeze. Usiiname, Chelimo, hujafanya kosa lolote hapa, na wewe ni katika wachache wetu tunaoweza kusema hivyo.

Chelimo alikuja kusomea uzamifu na akakubali kuanza na kazi ya kufufua. Walikitengeneza kichocheo kile upya, yeye na Profesa, na walipokwisha kukipata, Chelimo akauliza swali ambalo mwalimu wake hakuwa ameliuliza. Spiriti inayotoka kwa mkulima ina maji ndani yake. Kuitoa maji kunakula faida yote. Je, mshenga huyu anaweza kufundishwa kuvumilia maji? Walibadilisha pande zake kidogo, huku na huku, wakashindwa, wakabadilisha tena. Mwezi uliopita kikavumilia. Spiriti chafu, kama inavyotoka Ekero, iliingia upande mmoja, na upande wa pili ikatoka malighafi.

Kwa wasioelewa uzito wake, nieleze. Jambo likitokea mara moja katika kemia ni uvumi. Ni lazima Chelimo alirudie, abadilishe hiki, apunguze kile, aoneshe kwamba halikuwa bahati. Kazi hiyo inataka muhula mmoja zaidi. Kichocheo chote kilichopo duniani cha namna hiyo kiko ndani ya sanduku lile, katika chumba kile pale, nyuma ya jengo la utawala. Gesi ikizimwa, hewa itapenya taratibu kwenye ile mipira, na katika siku chache kitakuwa tope. Hapo Chelimo atakuwa na cha kusimulia, na hatakuwa na cha kuonyesha.

Na gesi itazimwa Jumatatu.

Hili halimo katika ratiba. Ratiba inasema tu kwamba baada ya chakula tutatembelea eneo la Ukumbi Mpya wa Wageni Mashuhuri. Eneo hilo ni lipi? Ni maabara ya Profesa Jescah. Imeamuliwa kwamba kwa kuwa yeye anastaafu, chumba kinastaafu pia. Litawekwa zulia. Sanduku, nimeelezwa, halitatupwa. Litasafishwa, litatiwa taa za rangi, na kusimamishwa mlangoni kama kumbukumbu ya utafiti. Nakisifu chuo kwa uaminifu huu. Vyuo vingine huua utafiti wakauficha. Sisi tutautia taa.

Lakini niulize, maana mimi ni mwalimu na sijapona ugonjwa wa kuuliza. Hao wageni mashuhuri wakija na kuketi kwenye zulia, tutawaonyesha nini? Tutawaambia kwamba mahali walipoweka miguu palikuwa na kazi? Na wao, ikiwa ni mashuhuri kwa sababu ya maana, hawatauliza kwa nini haipo?

Jumatano nilikwenda ofisini kwa Naibu Chansela. Alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Chai ililetwa, mandazi yakaletwa. Nilimwambia sikuja kuomba pesa wala cheo. Mitungi ya gesi iliyopo, Profesa amekwisha kuikagua, inatosha muhula mzima. Sihitaji chochote kutoka kwa chuo ila kisifanye kitu, jambo ambalo nilidhani halitakiwia gumu. Alinieleza kuhusu dira ya chuo. Nikarudia. Akanieleza kuhusu mkandarasi. Nikarudia mara ya tatu, nikamwuliza waziwazi: Chelimo ataachiwa gesi, au hataachiwa?

Naibu Chansela akasema, "Mzee Khaemba, jambo hilo litaangaliwa."

Nimekuwa katika utumishi maisha yangu yote, na ninajua maana ya kuangaliwa. Ng'ombe mgonjwa hutibiwa. Aliyekwisha kufa ndiye huangaliwa. Kwa hiyo nilimaliza chai yangu, nikashukuru, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Profesa Jescah, tukakubaliana neno ambalo amenipa ruhusa nilitangaze mbele yenu nyote, wa hema lile na wa hema hili.

Kuanzia Jumatatu Profesa Jescah ni mstaafu. Wasemaji walionitangulia wamelitamka neno hilo kwa huzuni, kama watu wanaotaja ugonjwa. Mimi ni mstaafu wa muda mrefu; niwafafanulie. Mstaafu hana cheo cha kunyimwa. Hana mkataba ambao watakataa kuurefusha. Hawezi kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, kwa kuwa hayumo katika daftari lao. Ninyi wahadhiri vijana mliolijua jambo hili mkanyamaza, siwadharau kwa hilo. Mna watoto shuleni, na kunyamaza kwenu kunawalipia karo. Mimi na Profesa watoto wetu wamekwisha kumaliza shule.

Basi Jumatatu asubuhi, mafundi wakifika na nyundo zao, watatukuta wazee wawili tumeketi mbele ya lile sanduku. Mimi nitakuja na gazeti langu. Profesa amesema atakuja na ufumaji aliouahirisha tangu alipoanza kazi. Chelimo atakuwa ameingiza mikono ndani, anafanya kazi, na naomba asisumbuliwe, kwa sababu mikono ikiwa humo mtu hawezi hata kuwasalimia wakubwa. Hatutafunga mlango, hatutapiga kelele, hatutamzuia mtu. Anayetaka kuzima gesi atatuomba tusogee. Sisi tutamjibu kwa upole kwamba hatusikii vizuri, jambo ambalo kwa umri wetu hakuna atakayelipinga. Jumanne tutarudi. Tutarudi kila siku ya muhula, hadi binti huyu aseme amemaliza.

Mheshimiwa Naibu Chansela, sikupi tishio, nakupa taarifa mapema, kama inavyompasa mtu mstaarabu. Unaweza kuwaambia mafundi waje, watubebe sisi wawili mzegamzega mbele ya wanafunzi. Unaweza pia kuwaambia wasije. Hilo la pili ni rahisi, halihitaji kamati, na linaweza kuamuliwa hata sasa hivi, kabla ya wali kupoa.

Profesa Jescah, dada yangu katika kazi. Wamekununulia saa ya ukutani. Ichukue, ni saa nzuri, ipeleke nyumbani, uitundike. Wewe haikuhusu sana, kwa maana kilichokwisha leo ni mshahara wako. Kazi yako bado iko mikononi, na mikono hiyo ninaijua. Tutaonana Jumatatu, saa mbili.

Kwa masikio yenu na subira yenu kwa mzee, nawashukuru nyote. Mungu awabariki.